Mahindi ya Juni, Njaa ya Februari

Mkoa wa Songwe haukosi mahindi. Tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umekuwa ukitajwa pamoja na Iringa, Njombe, Mbeya, Rukwa, Katavi na Ruvuma kila nchi inapohesabu chakula chake. Mbozi hulima mahindi, maharage na kahawa. Ileje hulima milimani, mpakani na Malawi. Momba hushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa kwenye mpunga na ufuta. Mazao ya wote hao, pamoja na ya Rukwa, hukutana Tunduma, mji uliokutwa na watu zaidi ya laki mbili katika sensa ya mwaka 2022, mahali ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Nakonde, Zambia. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake mkoani hapa, na Mbozi ni moja ya sehemu nane nchini zilizopangiwa vihenge na maghala mapya kwa mkopo wa Poland. Pamoja na yote hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watatu wa mkoa huu amedumaa: mwili wake haukufikia kimo cha umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Majirani wenye sifa kubwa zaidi ya mahindi wako pabaya zaidi. Rukwa na Njombe ni karibu nusu ya watoto, Iringa ni zaidi ya nusu, na wastani wa taifa ni asilimia 30. Ghala lililojaa, basi, linamlisha nani?

Nautaja msimamo wangu mapema ili wanaoupinga wajue wanapinga nini. Njaa ya Songwe ni njaa ya kalenda kabla ya kuwa njaa ya shamba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mavuno huanza Mei. Bei huwa chini kabisa wakati kila uwanja una turubai la mahindi, kisha hupanda polepole, na kati ya Januari na Machi hufika juu, siku zile zile ambazo kaya iko kwenye palizi na debe la mwisho linaonekana chini. Gunia ambalo mkulima mdogo huliuza Juni mara nyingi si ziada. Ni chakula chake cha Februari, ambacho atakuja kukinunua tena kwa bei ya Februari. Kwa hiyo mtandao wa maghala unaopunguza njaa ni ule unaoyabakiza mahindi karibu na mlaji mpaka Februari, unaopokea maharage na karanga pamoja na mahindi, na unaomfungulia mlango mtu mwenye uwezo wa kununua sado moja tu. Watakaonijibu ni wanne: mfanyabiashara wa nafaka wa Tunduma, mkulima mzee wa Mbozi, mama wa Kamsamba kule Momba, na ofisa anayesimamia chakula cha umma. Majina siwapi, kwa kuwa hoja zao husemwa na wengi. Nimezikusanya katika sauti nne ili kila moja isikike kwa nguvu yake yote.

Anayetangulia ni mfanyabiashara. “Shikamoo mzee wangu wa Mbozi,” anaanza, “na wewe ndugu mwandishi, nisikilize. Kila mkitaja ghala la mkoa, sisi wa mpakani tunasikia zuio. Mwaka 2011 serikali ilizuia mahindi yasitoke nje. Mwaka 2017 ikazuia tena, ikasema watu wauze unga, wasiuze nafaka. Mwaka 2023 masharti ya vibali yakakazwa, malori yakalala mpakani. Kila mara aliyeumia ni mzee huyu hapa, maana mimi nikikosa kibali nanunua ufuta, yeye akikosa mnunuzi anabaki na mahindi yanaoza. Mkongomani na Mzambia wakija na fedha zao ndipo mtoto wa Mbozi anaenda shule. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2019 ili lori lisisimamishwe mara mbili, halafu ninyi mnataka kulisimamisha kabla halijafika. Chakula kinajua njia. Kiacheni kipite.”

Katika suala la mazuio, mfanyabiashara ana haki kabisa. Zuio la 2017 liliwakuta wakulima wa nyanda za juu kusini wakiwa na mavuno mazuri, bei ikaanguka, na hasara ile haikumshibisha mtu yeyote mahali pengine. Ghala ninalolitetea halihitaji lori hata moja kuzuiwa. Ila hoja yake kwamba chakula kinajua njia inahitaji kukamilishwa, kwa sababu chakula hufuata fedha, na njia ya fedha si lazima ipite kwa mwenye njaa. Mchumi Amartya Sen alilionyesha jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwa mfano wa Wollo, Ethiopia, mwaka 1973: watu walikufa njaa huku chakula kingine kikiondoka mkoani humo kwenda Addis Ababa, kwa sababu waliokuwa wakifa hawakuwa na uwezo wa kununua. Tunduma haijafika huko na Mungu aiepushe, lakini kanuni ni ile ile hata kwa kiwango kidogo. Kibarua anayepakia magunia ya mfanyabiashara huyu hana shamba. Mwezi Februari hanunui gunia; ananunua sado ya mahindi au kilo ya sembe iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, jioni, kwa ujira wa siku ile. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia zima, na siku ambayo foleni ya malori imekwama na hakuna mzigo wa kupakia, hanunui kabisa. Mahindi yamepita begani kwake mchana kutwa na hayakuingia nyumbani kwake.

Kuna jambo la pili, na hili linamhusu mfanyabiashara mwenyewe. Soko la ng’ambo analolitegemea halina ahadi. Februari 2024 Rais wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza ukame kuwa janga la taifa, wilaya 84 kati ya 116 zikiwa zimeathirika, na katikati ya mwaka ule Tanzania na Zambia zikakubaliana Zambia iuziwe tani 650,000 za mahindi kupitia NFRA, kwa thamani ya takriban dola milioni 250. Ulikuwa mwaka wa neema kwa nafaka ya kusini. Msimu uliofuata mvua zilirudi na Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3.6, mavuno makubwa kuliko yote katika historia yake. Mteja wa mwaka uliotangulia akawa mwenye ziada. Mkoa unaopanga chakula chake kwa kutegemea shida ya jirani utakuwa unapata na kukosa kwa zamu ambazo haukuzipanga. Ghala la karibu lingekuwa mnunuzi mwingine kwa mfanyabiashara na kwa mkulima, mdogo lakini wa kila mwaka.

Mkulima wa Mbozi anamgeukia mfanyabiashara kwanza. “Marahaba, kijana wangu. Umesema kweli lakini umesema nusu. Mwaka wa bei nzuri hunitafuti hapa kwa upendo. Unakuja na gunia la lumbesa, unalijaza mpaka linafungwa kwa kamba juu, halafu unalipa gunia moja.” Kisha ananijia mimi. “Na wewe mwandishi, unadhani nauza Juni kwa ujinga? Mtoto anatakiwa shule, mbolea nilikopa, mke wangu alilazwa. Nikisema niyaweke, anaingia dumuzi, Februari nafungua gunia nakuta unga na vumbi. Nikiyapeleka kituo cha kununulia, kijana anachoma gunia kwa bambo, punje zinadondoka kiganjani, anaziweka kwenye mashine, inasema unyevu umezidi 13.5. Ninarudishwa kuanika. Nikirudi, fedha za kununulia zimekwisha. Na ghala lako hilo likitoa mahindi ya bei nafuu Februari, hata yale magunia matatu niliyobahatika kuyatunza utanishushia bei. Unanilisha au unaniua?”

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na linastahili kujibiwa kipande kwa kipande. Kuhusu wadudu, dumuzi anayemtaja mzee si hadithi. Aliingia nchini kutoka nje, akaripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania kwa jinsi anavyosomba. Lakini dawa yake ipo na ni rahisi: mfuko wa tabaka kadhaa usiopitisha hewa, ule unaouzwa madukani kwa jina la kinga njaa, humnyima hewa akafa bila sumu yoyote. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Dodoma na Morogoro, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, ulizipa kaya za wakulima mifuko hiyo pamoja na mafunzo na kuzilinganisha na kaya zisizopewa. Zilizopewa zilikuwa na upungufu wa zaidi ya theluthi katika idadi ya kaya zenye njaa kali. Hakuna punje mpya iliyolimwa. Yale yale mahindi yalidumu muda mrefu zaidi.

Kuhusu madeni ya Juni, mfuko peke yake hautoshi, kwa sababu anayedaiwa atauza hata akiwa na mfuko. Hapa ushahidi mzuri unatoka magharibi mwa Kenya. Watafiti Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walichapisha mwaka 2019 matokeo ya mpango wa kuwakopesha wakulima fedha kidogo wakati wa mavuno, ili walipe ada na madeni bila kuuza mahindi. Waliokopeshwa waliuza baadaye kwa bei nzuri, na waliponunua, walinunua mapema kwa bei nafuu. Palipokuwa na wakopaji wengi, hata bei ya soko la eneo ikatulia: haikuanguka sana mavunoni wala haikuruka sana baadaye, na majirani ambao hawakukopa wakafaidika. Tanzania ina chombo kinachofanana na hicho tayari. Sheria ya stakabadhi za ghala ni ya mwaka 2005, na wakulima wa ufuta na kahawa wameizoea. Mkulima anapeleka mzigo kwenye ghala la chama cha msingi, anapewa stakabadhi, mali inabaki yake. Kinachokosekana ni stakabadhi hiyo kutumika kwenye mahindi ya chakula, magunia mawili matatu, kwa mkopo unaolipa ada ya shule, na mwenye mali akiruhusiwa kuyachukua mwenyewe Februari badala ya kuyauza.

Na bei? Mzee anaogopa kwamba ghala litamshushia bei Februari. Litaishusha kidogo, ni kweli, na ningedanganya nikisema vinginevyo. Lakini ghala lile lile litakuwa limempandishia kidogo Juni kwa kuondoa mahindi sokoni wakati yamezagaa. Mwenye hasara halisi ni yule anayenunua kwa wingi Juni ili auze kwa wingi Februari, na huyo si mzee wa magunia matatu. Wakulima wengi wadogo Februari hawasimami upande wa wauzaji. Wanasimama kwenye mstari wa wanunuzi pamoja na kibarua wa Tunduma. Tukiitetea bei ya juu ya Februari kwa jina la mkulima, tunamtetea mkulima mkubwa na kumtoza mdogo.

Mpaka hapa waliosema ni wanaume, nao wamehesabu magunia. Mama wa Kamsamba amekuwa akisikiliza. “Baba zangu,” anasema, “nyote mnahesabu magunia, mimi nahesabu sufuria. Sisi kwetu hatulali njaa kila siku. Ugali upo, mchele upo msimu wake. Mtoto wangu anakula anashiba, nikimpeleka kliniki naambiwa amedumaa. Msimu wa palizi naondoka alfajiri na kurudi jua limekwenda. Mdogo anabaki na dada yake wa miaka saba, anampa uji mweupe. Maharage tuliyovuna yameuzwa pamoja na mahindi, maana ndiyo yenye bei. Karanga zimeuzwa. Kuku akitaga, yai linauzwa. Fedha ikiingia, siyo mimi ninayeishika. Sasa ninyi mkileta ghala la mahindi, mtaniongezea uji mweupe?”

Huyu mama hanipingi tu. Ananirekebishia hoja, na nadhani bila yeye mjadala mzima ungekuwa wa wafanyabiashara wa nafaka. Takwimu za udumavu ziko upande wake. Kama njaa ya nyanda za juu ingekuwa ni upungufu wa mahindi, Iringa, Njombe na Rukwa zisingekuwa mwishoni mwa orodha ya taifa huku mikoa inayonunua chakula kutoka kwao ikiwa na nafuu. Sababu zinajulikana: mlo wa aina moja, uji mwepesi wa kulikiza, mama kuchoka msimu wa kilimo mpaka muda wa kunyonyesha na kupika unapotea, maji na vyoo visivyo salama vinavyomrudishia mtoto kuhara, na mazao yenye protini kugeuzwa fedha mapema kuliko yote. Kwa hiyo ghala la chakula likijazwa mahindi pekee litapunguza njaa ya tumbo la Februari, ambayo ni kweli na inauma, lakini litaiacha njaa ya pili bila kuigusa. Mbozi ni wilaya ya maharage. Karanga zinalimwa mkoani. Dagaa wakavu hupita kwenye masoko yetu yote. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuyaweka mahindi kwenye hifadhi na kuyaacha maharage nje; ni mazoea tu, kwamba chakula cha akiba ni nafaka na mengine ni mboga.

Mahali pa kupitishia maharage hayo pia papo. Shule nyingi za mkoa hutegemea wazazi kuchangia mahindi na maharage ili watoto wapate uji au makande mchana, na mchango huo hukauka miezi ile ile ambayo nyumbani kumekauka, Januari hadi Machi, muhula ukiwa umeanza upya. Brazili ilipokabili tatizo linalofanana na hili, mwaka 2003 ilianzisha mpango wa serikali kununua chakula kwa wakulima wadogo wa eneo na kukipeleka moja kwa moja kwenye taasisi zinazolisha watu wenye uhitaji. Mkulima mdogo akapata soko la uhakika la maharage na mboga, si la nafaka tu. Hapa kwetu halmashauri tayari zinawajibika, tangu mikataba ya lishe ya mwaka 2017 kati ya serikali kuu na mikoa, kutenga fedha za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 1,000 kwa mtoto kwa mwaka. Ni fedha ndogo sana, lakini ni kasma iliyopo kwenye vitabu, na inaweza kununua maharage Julai badala ya kuishia kwenye semina. Kuhusu nani anashika fedha nyumbani, ghala haliwezi kuingia ndani ya ndoa za watu. Linaweza, hata hivyo, kuandika stakabadhi ya maharage na karanga kwa jina la mwanamke aliyeyalima, na hilo si jambo dogo.

Ofisa anaomba nafasi, na kwa haki ana mengi ya kusema. “Ndugu zangu, mnaongea kana kwamba serikali haikufikiria. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 nchi hii ililazimika kutoa fedha za kigeni kuagiza chakula. Tukajifunza. Mwaka 1991 sheria ya usalama wa chakula ikapitishwa na akiba ya nafaka ikaundwa. Mwaka 2008 ikawa wakala kamili. Uwezo wa kuhifadhi ulikuwa tani 251,000, mradi wa vihenge ukalenga kuufikisha 501,000, na lengo la serikali ni tani milioni tatu ifikapo 2030. Bei zilipopanda mwishoni mwa 2022, mahindi yetu yalipelekwa kwenye halmashauri na kuuzwa kwa bei nafuu. Sasa mnataka maghala ya kata? Sahel walifanya hivyo baada ya ukame wa miaka ya 1970, wakaziita benki za nafaka, zilizo nyingi zikafa. Nani atapima unyevu Kamsamba? Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya majumbani. Mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu hiyo hiyo. Mnataka kutapanya akiba ya taifa kwenye vibanda?”

Akiba ya taifa naitetea pamoja naye, na majirani zetu walio ng’ambo ya mpaka wa Isongole, wilayani Ileje, wanajua kwa nini. Mwaka 2001 Malawi ilikuwa na zaidi ya tani 160,000 ghalani, zilizonunuliwa kwa deni. Shirika la Fedha la Kimataifa likashauri akiba ipunguzwe, karibu yote ikauzwa, na mavuno ya mwaka ule yakawa mabaya. Mwanzoni mwa 2002 watu walikufa kwa mamia, katika nchi ambayo miezi michache nyuma ilikuwa na ghala lililojaa. Somo ninaloliona pale ni kwamba akiba iliyoko mikononi mwa ofisi moja inaweza kutoweka kwa uamuzi mmoja, kwa nia njema au mbaya. Na tuupime mkataba wa Zambia kwa jicho hilo. Tani 650,000 ni zaidi ya uwezo wote wa kuhifadhi ambao mradi wa vihenge ulilenga. NFRA imekuwa mfanyabiashara mkubwa wa nafaka wa kanda hii, na ni vizuri kwa mkulima. Lakini kazi ya kuuza shehena nje na kazi ya kuhakikisha mji mdogo wa Momba una maharage Februari ni kazi mbili zenye mwendo tofauti, na ofisi inayosifiwa kwa tani itaangalia tani.

Kuhusu Sahel, ofisa ameeleza walivyoshindwa lakini hakueleza sababu. Benki nyingi za nafaka za kule ziliwakopesha wanachama nafaka bila utaratibu wa kurudisha, zikaongozwa na kamati ambazo hazikuwajibika kwa mtu, na zilitegemea kujilipia gharama kwa tofauti ya bei kati ya mavuno na njaa, tofauti ambayo mwaka wa mvua nzuri ilikuwa ndogo mno kulipa hata mlinzi. Hayo yote yanazuilika kwa kubuni tofauti. Ghala la kata lisijitegemee peke yake. Liwe tawi la mtandao wa mkoa, Vwawa, makao makuu ya mkoa, ikiwa kitovu chenye mizani, mashine za unyevu, kipimo cha sumukuvu na mtaalamu wa kuzungukia matawi, na maghala ya vyama vya msingi yaliyopo yakiwa matawi. Vituo vya mfano havihitaji kuwa vingi: Mlowo kule Mbozi, Tunduma mjini, Kamsamba, Isongole na kimoja wilayani Songwe. Lami ya kutoka Mpemba hadi Isongole imejengwa, na daraja la Mto Momba huko Kamsamba limeifungua njia iliyokuwa ikikatika. Na sumukuvu ni hoja ya kuwa na ghala linalopima, kwa sababu waliokufa 2016 walikula mahindi ambayo hayakupita kwenye kipimo chochote.

Wapo wanaopendekeza kwamba tunakili tu benki za chakula za Marekani, na pendekezo hilo nalipitia kwa ufupi. Ya kwanza ilianzishwa na John van Hengel huko Phoenix mwaka 1967; leo mtandao wa Feeding America una benki za aina hiyo zipatazo 200, zinazopokea chakula kilichozidi viwandani na madukani na kukigawa kupitia makanisa, shule na vikundi vya kujitolea. Nairobi ina Food Banking Kenya tangu 2017, inayookoa mboga na matunda mashambani na masokoni. Kwao chakula hupotea mwishoni mwa safari, kwenye rafu ya duka. Kwetu hupotea mwanzoni, kwenye turubai lenye unyevu na kwenye kihenge chenye dumuzi. Tuchukue kwao ule muundo wa kitovu kimoja na vituo vingi vya watu wanaowajua wenye shida kwa sura, na tuuhamishie kwenye mavuno.

Mfanyabiashara ana swali moja la mwisho: “Na vya bure vikizoeleka?” Sehemu kubwa ya ghala hili si ya bure. Mahindi ya stakabadhi ni ya mwenyewe. Ya kuuzwa kwa sado yanauzwa kwa bei ya mavuno pamoja na gharama ya kutunza. Kinachotolewa bila malipo ni kwa kaya zilizothibitishwa na mkutano wa kijiji, wazee wasio na mtu, wagonjwa, watoto wanaojilea, na kwa sufuria ya shule. Sijawahi kusikia hoja nzito ya kumnyima mtoto wa darasa la pili makande ili asizoee makande.

Mzee wa Mbozi anauliza jambo lililo karibu zaidi na moyo wa kila mwanaushirika: nani atazuia ghala lisiibiwe. Anakumbuka vyama vilivyokula fedha za kahawa za watu, na hakuna hotuba itakayomtoa katika kumbukumbu hiyo. Jibu langu ni la vitu vinavyoonekana. Ubao ukutani nje ya ghala, wenye magunia yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki, ukiandikwa upya kila wiki. Funguo mbili, moja kwa mtendaji na nyingine kwa mjumbe aliyechaguliwa na mkutano, na angalau nusu ya kamati wawe wanawake, kwa sababu ndio wanaojua siku debe linapoisha. Mizani iliyokaguliwa na wakala wa vipimo, na lumbesa ipigwe marufuku mlangoni. Hakuna mfumo usioibiwa, lakini wizi unaohitaji watu watano kunyamaza ni mgumu kuliko ule unaohitaji mmoja.

Zinabaki fedha za kununulia mzigo wa kwanza, na hapa ofisa na mimi tunakubaliana zaidi ya anavyodhani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, mavuno yakiwa yameanza. Mabaraza ya madiwani ya Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma hupitisha bajeti zao miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati sado ya mahindi iko juu kuliko wakati wowote na kila diwani anajua bei yake kwa sababu nyumbani kwake pia inanunuliwa. Halmashauri hizi hukusanya ushuru wa mazao kwa kila gunia linaloondoka. Kiasi fulani cha ushuru huo, kikiandikwa kwenye bajeti kwa jina la ununuzi wa chakula cha ndani na kikatolewa wiki za kwanza za Julai, kingeanzisha vituo vitano bila kusubiri mfadhili. Kikitolewa Oktoba hakina kazi, maana mahindi yatakuwa yameshavuka.